Mkate Uliong'atwa Upande Mmoja

Kule Shahrisabz mtu haanzi safari ndefu kabla hajaung'ata mkate wa nyumbani kwake. Huung'ata mara moja tu, ukingoni, akiwa amesimama kizingitini na viatu miguuni. Kisha mama yake huupokea, huutungika ukutani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutia jino mpaka yule aliyeuanza arudi kuumaliza. Binadamu, wanasema watu wa huko, husahau njia ya kwao. Mkate haumsahau aliyeuanza.

Ukutani kwa Oyniso, juu ya sanduku la mahari lililopangwa magodoro na mito, ulining'inia mkate wa namna hiyo ndani ya mfuko wa pamba. Ulikuwa mkate mviringo, umenenepa pembeni na kudidimia katikati, na pale katikati palikuwa na ua lililotobolewa kwa muhuri wa misumari. Muhuri ule aliuchonga marehemu mumewe kwa mti wa mlozi. Msumari mmoja uling'oka zamani, wala haukurudishiwa. Kwa hiyo kila mkate uliotoka katika tanuri la Oyniso ulikuwa na ua lililopungukiwa jani moja. Aliyeung'ata mkate huo, asubuhi moja ya Januari, ni mwanawe wa pekee, Elmurod.

Elmurod alikuwa beki wa kushoto, na kwa miaka mingi aliichezea Oqsuv, klabu ya mji wao. Oqsuv ilipoanza kuingia katika Ligi ya Mabingwa wa Asia, safari zake zikawa za ndege: leo Tehran, kesho Doha, keshokutwa Riyadh. Kila safari aliung'ata mkate, na kila aliporudi aliuvunjavunja ndani ya bakuli la chai na kuumaliza huku akimchokoza mama yake.

"Mama, huu umeuoka au umeufyatua?"

"Kula, ewe mwashi. Kama ni tofali, jenga tumbo."

Hivyo ndivyo walivyozoea, na Oyniso hakuwahi kuufikiri mkate ule kuwa jambo la kumkosesha usingizi. Mkate ulikaa ukutani siku chache, ukashushwa, ukaliwa, maisha yakaendelea.

Lakini mwaka ule mambo yalibadilika. Kabla msimu haujaanza, Elmurod alichukuliwa na Al-Lulu, klabu tajiri ya mji mmoja wa Ghuba. Mkataba wenyewe ulikuwa wa majaribio, na masharti yake Elmurod alimweleza mama yake waziwazi, akiwa amechuchumaa mbele yake jinsi alivyofanya utotoni alipokuwa na jambo zito. Al-Lulu wakivuka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, atabaki nao miaka mitatu. Wasipovuka, watamwachia kiangazi, naye atarudi Oqsuv.

Siku chache baadaye makundi yakapangwa, na Oqsuv na Al-Lulu wakaangukia kundi moja. Mechi yao ya kwanza ingechezwa Ghuba mwishoni mwa baridi. Ya mwisho ingechezwa Shahrisabz, majira ya kuchipua.

Oyniso hakuhitaji mtu wa kumfafanulia hesabu hiyo. Al-Lulu wakipita, mkate utakaa ukutani miaka mitatu. Wakitolewa, Elmurod ataumaliza kabla zabibu za uani hazijaiva. Tangu siku ile, kila alipomaliza sala, mikono yake ilibaki wazi mapajani muda mrefu kuliko kawaida, kwa maana hakuthubutu kulitamka alilokuwa analiomba. Ni mama gani amwombeaye mwanawe kushindwa?

*

Zamani, siku ya mechi, uani kwa Oyniso ndiko kulikokuwa uwanja wa mtaa. Elmurod alimnunulia mama yake televisheni kubwa, nao waliibeba kuiweka barazani, chini ya mzabibu. Wanaume walikaa juu ya jukwaa la mbao, viatu vimezagaa chini. Wanawake walikaa upande wa tanuri, wakikata karoti za pilau na kumtukana mwamuzi kuliko wanaume. Elmurod akigusa mpira, watu walimgeukia Oyniso na kumwita "mama wa timu". Alikuwa akiona haya, akijifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, na akipenda.

Siku ya mechi ya Ghuba alifagia uwanja, akamwaga maji kuzuia vumbi, akatandaza mito juu ya jukwaa, akapika. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyemtukana wala aliyesema neno. Watu wa mtaa ule ni waungwana. Hawakuja tu. Muda wa mechi ulipofika, alisikia sauti zao nyuma ya ukuta, kwa jirani yake Tursunoy, ambako mtu alikuwa amefunga waya wa antena juu ya paa.

Akawasha televisheni yake, akakaa peke yake mbele ya sinia la pilau.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo watu wakiwa wengi halionekani. Picha yake, iliyopitia dishi, ilichelewa nyuma ya picha ya jirani. Kila jambo lilifika kwanza ukutani kwa sauti, ndipo likafika machoni pake. Alisikia watu wakipumua "aaah!" na kupiga mapaja, naye akiangalia wachezaji waliokuwa bado katikati ya uwanja, hawana habari na litakalowapata. Alijua goli kabla ya mfungaji. Mara moja ukuta uliguna kwa hasira, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Msaliti huyo! Kala chumvi yetu, sasa anatukata miguu!" Oyniso akasubiri mpaka alipomwona Elmurod, katika jezi nyeupe asiyoizoea, akiteleza na kumpokonya mpira winga wa Oqsuv. Winga huyo alikulia mtaa wa pili. Mara ngapi alikula kwenye sinia lile lile!

Alitaka kushangilia, asijue amshangilie nani. Al-Lulu walishinda. Ukuta ulinyamaza. Oyniso akalifunika pilau kwa sahani na kwenda kulala na njaa.

Kesho yake alimchukulia Tursunoy pilau lile. Tursunoy alikuwa mjane kama yeye, mkubwa wake kwa miaka, mwenye ulimi wa kunoa visu. Alimkaribisha, akamketisha, akamwagia chai, na kikombe akakijaza mpaka ukingoni.

Oyniso alikitazama kikombe kile. Huko kwao mgeni apendwaye hutiliwa chai kidogo kidogo, nusu kikombe au chini yake, ili mwenyeji apate kumhudumia tena na tena. Kikombe kilichojaa kina maana moja: kunywa, inuka, uende.

"Dada," alisema, "leo mkono wako una ukarimu."

"Ni macho yangu, mdogo wangu. Siku hizi siuoni ukingo."

"Jana yaliuona mpira vizuri. Niliwasikia nyuma ya ukuta."

Tursunoy akainamisha uso, akavuta vuta pindo la gauni. "Usinielewe vibaya. Mimi mtoto wako nilimbeba. Lakini wanangu wamekasirika, na wajukuu ndio kabisa. Umemlea mtoto vizuri, akaenda kumchezea tajiri. Sasa sisi tukija kwako tumpigie nani makofi? Tukae pale tunakula pilau yako huku tunamzomea mwanao? Hata ng'ombe ana haya."

Maneno yale yalikuwa na haki ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza Oyniso. Akakinywa kikombe chote, akainuka, akaenda.

*

Msimu ukaendelea. Theluji ikapungua milimani, miaprikoti ikatoa maua meupe, ikapukutisha. Oqsuv walishinda nyumbani, wakapoteza Tehran, wakasuluhu. Al-Lulu vivyo hivyo. Oyniso alifuatilia mechi zote za kundi lile, za timu zote nne, akiwa peke yake, mpaka akazijua sura za makocha. Mpaka ilipofika mechi ya mwisho, hali ilikuwa hivi: Al-Lulu wakipata sare tu Shahrisabz, wamepita. Oqsuv wakishinda, wanapita wao, na Al-Lulu wanatoka.

Elmurod alipiga simu siku moja kabla ya mechi. Sauti yake ilikuwa karibu, si ile ya Ghuba iliyokuwa ikikatikakatika.

"Mama, tumefika. Nipo hotelini. Dirishani naona minara ya magofu ya Aqsaroy."

"Njoo basi. Nimewasha tanuri tangu asubuhi."

"Siwezi. Kocha ametufungia. Hakuna kutoka, hakuna wageni, hata simu anataka kuzikusanya. Ananitazama mimi kuliko wote. Anaogopa mji wangu utaniroga. Na baada ya mechi tunakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege."

Kutoka mlangoni kwake hadi hoteli ile hakukuwa na mwendo wa kumchosha mtu.

"Mama? Mkate bado upo ukutani?"

"Upo. Ungekwenda wapi?"

"Umekauka?"

"Ukimpiga mtu nao utafungwa jela."

Akacheka, na kicheko chake kilimrudisha mvulana aliyechuchumaa kizingitini. Kisha akasema kwa upole, "Njoo uwanjani, mama. Nitacheza upande wa jukwaa la mashariki kipindi cha pili. Kaa mbele. Angalau tuonane."

Oyniso hakuwa amewahi kukanyaga uwanja wa mpira. Siku ya pili, jua lilipoanza kuelekea milimani, alivaa gauni lake la hariri ya mistari, akaushusha mkate ukutani, akaufunga katika kitambaa. Hakukusudia Elmurod aule. Mkate humwita mtu mlangoni kwake, haumwiti nje. Ukiliwa nje, mwito wake umekwisha. Alitaka tu auone kwa mbali, ajue kwamba bado una pengo moja na kwamba unasubiri.

Alipata nafasi mstari wa mbele, penye ukuta mfupi na reli ya chuma. Kati ya reli na mstari wa uwanja palikuwa na ukanda mwembamba wa majani na mabango ya matangazo. Kushoto kwake alikaa mwanamume mnene mwenye kofia nyeusi iliyotariziwa nyeupe, mfuko wa mbegu za alizeti mapajani.

"Karibu, shangazi! Chukua mbegu. Umekuja kumwona msaliti?"

"Nimekuja kuangalia mpira, baba."

"Mpira wataangalia wengine. Sisi leo tuna kazi. Ngoja uone kipindi cha pili."

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli. Timu zilipobadilishana upande, Elmurod akaja kusimama mbele ya jukwaa la mashariki, karibu kiasi kwamba Oyniso aliona jinsi alivyonyoa. Amekonda, aliwaza. Ndipo jukwaa zima likainuka kwa mara moja, na kutoka ndani ya makoti, mifuko na vitambaa vikatoka vitu vya mviringo. Mikate! Mikate mingi, kila mmoja umeng'atwa ukingoni, ikainuliwa juu kwa mikono miwili, na watu wakaimba:

"Umeanza, njoo maliza! Umeanza, njoo maliza!"

Oyniso hakujua kama ni matusi au ni wito. Pengine hata waimbaji wenyewe hawakujua. Wengine walikuwa wakicheka, na wengine, wazee hasa, waliimba kwa uso uliokunjamana kana kwamba wanamwita mtoto aliyepotea sokoni. Elmurod hakugeuka. Lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na mama aliyajua masikio yale.

Mwanamume mnene alikuwa amemaliza kuimba beti kadhaa alipoona kitambaa mapajani mwa jirani yake, na ukingo wa mkate ukichungulia.

"He! Shangazi! Kumbe na wewe umeleta, umenyamaza tu!" Akauchukua kabla mkono wa Oyniso haujafika. "Jamani, oneni huu! Huu umekauka kweli kweli! Hebu tazameni, utadhani umetungikwa ukutani miezi!"

"Nirudishie, baba. Nakuomba. Huo si wa..."

"Si wa nini? Si wa kuficha! Simama, shangazi, tuuinue!"

Akauinua juu ya kichwa chake. Hakuurusha. Kule hakuna mlevi wala mwendawazimu arushaye mkate. Lakini watu walikuwa wanarukaruka, bega likagonga bega, na mkate mkavu ukateleza kutoka mikononi mwake, ukagonga reli, ukapita juu ya bango, ukaanguka kwenye majani, kifudifudi.

Upande ule wa jukwaa ulinyamaza ghafla. Watu waliokuwa wakizomea walishika vinywa. Mzee mmoja akasema, "Mkate uko chini," kama mtu asemavyo "Mtoto kaanguka mtoni," na wawili watatu wakaanza kupandisha miguu juu ya reli, polisi wakawazuia.

Mpira wakati huo ulikuwa mbali, kwenye kona ya upande mwingine. Winga wa Al-Lulu, Mbrazili, alikuwa amepita karibu na mkate ule, akauruka kama mtu arukavyo jiwe. Elmurod aliuona. Akatazama mpira, akatazama mkate. Kisha akafanya alilofundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: akatoka nje ya mstari, akainama, akauokota kwa mikono miwili, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso. Hilo lote halichukui muda. Mtoto yeyote wa Shahrisabz hulifanya njiani bila kupunguza mwendo.

Lakini alipotaka kuuweka juu ya bango, mahali palipoinuka pasipokanyagwa, macho yake yaliangukia katikati ya mkate, kwenye ua lililopungukiwa jani moja.

Akainua uso kuutazama umati. Akatafuta. Akamwona.

Oyniso alikuwa amesimama, mikono imeshika reli. Msimu mzima hakujua amshangilie nani, lakini wakati ule alijua. Nyuma ya mwanawe, mbali, aliona mpira mrefu umepigwa, unazunguka angani, unakuja kwenye upande wa kushoto uliokuwa mtupu, na kijana wa mtaa wa pili anaukimbilia.

"Elmurod! Mpira!" alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Mwanangu, geuka! Mpira!"

Jukwaa lilikuwa limekwisha kuuona mpira ule, na ngurumo ya watu ikaimeza sauti yake. Elmurod alipogeuka, winga alikuwa amempita. Krosi moja, kichwa kimoja, na wavu ukatikisika. Mwanamume mnene akamkumbatia Oyniso, akambeba juu na kumzungusha, mbegu za alizeti zikanyesha pande zote.

"Mkate wako, shangazi! Mkate wako umefunga!"

Mechi ilikwisha kwa goli lile lile. Elmurod aliondoka uwanjani akiwa ameinamisha kichwa. Mwenzake mmoja alimsukuma kifuani, mwingine akatema mate chini mbele yake. Hakutazama tena jukwaani. Umati, uliokuwa umemwita msaliti, sasa uliimba jina lake kwa furaha kiasi kwamba mabati yalitetema, na kila mara ulipoliimba, alitembea haraka zaidi.

Mkate ulibaki juu ya bango mpaka watu wakaanza kutoka. Polisi kijana aliushusha, akampa Oyniso kwa mikono miwili. Hakumuuliza jambo. Upande mmoja ulikuwa na doa la kijani.

*

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemavyo methali. Kesho yake uani kwa Oyniso pakajaa watu, bila mwaliko, kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Walileta mchele, walileta kondoo, walileta jukwaa la pili la mbao. Tursunoy aliingia wa kwanza, akalia begani mwake, akashika birika na kuanza kuhudumia watu kana kwamba nyumba ni yake. Kikombe cha Oyniso alikitilia chai kidogo sana, matone tu ya kulowesha kitako.

"Dada, hata ulimi haulowi," alisema Oyniso.

"Nyamaza unywe. Leo nitakutilia mara mia." Kisha, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mtoto wetu! Amevaa nguo zao, lakini moyo haukuvuliwa. Katupatia goli kwa ajili ya mama yake!"

"Hakuwapatia goli," Oyniso alisema.

"Ndiyo, ndiyo, hakutupatia." Tursunoy akakonyeza upande wa wanaume, nao wakacheka kwa upendo. "Ameokota mkate tu!"

Oyniso alitazama nyuso zile zote zenye furaha, akasikia baridi. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nyumba yake ilikuwa imejaa, na hakuwahi kuiona tupu kiasi kile. Kwa maana kama watu wampendao walikuwa wakikonyezana hivyo, wale wasiompenda walikuwa wakisema nini?

Aliambiwa na Elmurod mwenyewe, wiki ile ile.

"Wameniachia, mama. Mkataba umekwisha."

Ombi lake ambalo hakuweza kulitamka lilikuwa limekubaliwa, neno kwa neno. Akakaa juu ya sanduku. "Basi njoo. Zabibu bado changa, lakini njoo."

"Siwezi."

"Kocha amekufungia tena?"

"Mama, nisikilize. Huku wanasema niliuza mechi. Wanaonyesha picha ile kila siku, nimesimama nje ya mstari na mkate, natazama watu. Wanasema ilikuwa ishara tuliyopanga. Klabu nyingine zinasikia. Nikirudi sasa, nikivaa jezi ya Oqsuv, nitakuwa nimewatilia saini kwamba ni kweli. Hakuna atakayeniamini tena, hata nikiapa."

"Wewe unajua si kweli. Mimi najua."

"Ndiyo. Sisi wawili. Mkono ulikwenda wenyewe. Kuubusu si kitu, ningeubusu na kurudi mahali pangu. Ni lile ua, mama. Nilipoliona, nilisahau nipo wapi."

Oyniso alitaka kumwambia kwamba alimwita, kwamba alipiga kelele ageuke. Lakini hilo lingemsaidia nini? Akauliza tu, "Sasa utakwenda wapi?"

"Korea. Klabu ndogo ya pwani. Wao hawajali habari za huku."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Oyniso aliiweka simu chini, akautia mkate ndani ya mfuko wake wa pamba, na kuutungika tena pale pale. Alikuwa amemfundisha mwanawe kuheshimu mkate ili popote aendako awe mtu wa kwao, na heshima ile ile ilikuwa imemfungia mlango wa kwao.

*

Oqsuv walifika robo fainali. Mpaka majira ya kupukutika majani, kila mechi ilitazamwa uani kwa Oyniso. Naye alipika, akahudumia, akaitwa mama wa timu. Kisha wakatolewa na klabu moja ya Riyadh, watu wakalaani mwamuzi, wakabeba jukwaa lao la mbao, wakaenda zao. Baridi ilikuwa inakuja. Kila mtu ana makaa ya kutafuta.

Elmurod alipiga simu siku ambayo Oyniso alianza kuuzika mzabibu, maana huko mzabibu hulazwa chini na kufukiwa udongo ili theluji isiuue.

"Mkate bado upo?"

"Upo."

"Mama... Wameniongezea muda huku. Sijui lini. Nimefikiri: uumalize wewe. Uloweke kwenye chai, ule. Mimi nimekuruhusu. Usikae unautazama."

Oyniso aliutazama. Doa la kijani lilikuwa limefifia kuwa kahawia. Aliufikiria mdomoni mwake, laini, umelowa, umekwisha. Aliufikiria ukuta bila mkate.

"Meno yangu hayauwezi," alisema. "Utakuja na yako."

Akamsikia akicheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na wote wawili wakasingizia mtandao.

Mechi za Korea ziliingia kwenye dishi mchana, saa ambayo wanaume wako kazini na wanawake wako sokoni. Jumamosi ile Oyniso aliiweka televisheni sebuleni, kwa kuwa barazani palikuwa na upepo, akajitilia chai, nusu kikombe, kama mtu ajikaribishaye mgeni. Mvua ilikuwa ikinyesha huko kwenye picha. Elmurod, mwenye jezi ya rangi ya chungwa, alikimbia kwenye ukanda wake wa kushoto, akateleza, akagongwa, akaanguka, hakuinuka upesi.

Bila kufikiri, Oyniso alitega sikio ukutani, asubiri kujua kabla ya kuona: ataguna mtu, au watapumua kwa pamoja? Ukuta ulikuwa kimya. Nyuma yake hapakuwa na aliyekuwa akiangalia. Safari hii hakuna aliyemtangulia kujua.

"Inuka," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Inuka, mwanangu."

Akasogeza kikombe pembeni na kungoja picha ifike.